Maswali yenu kuhusu kreta za Mwezi

Vimondo huja kutoka kila upande na kwa pembe za kila namna. Mbona kreta, yaani mashimo wanayoyaacha, karibu zote ni duara?

Kwa sababu si jiwe linalochimba shimo; ni mlipuko. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini yatakuwa mepesi.

Vimondo huupiga Mwezi kwa kasi ya wastani ya karibu kilomita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila kilo ya jiwe hubeba takriban megajuli 200 za nishati, karibu mara 50 ya zile zinazotolewa na kilo moja ya TNT, aina ya kilipuzi. Jiwe likigusa ardhi, wimbi la mshtuko huanza hapo hapo na kuenea pande zote, chini ardhini na ndani ya jiwe lenyewe. Mwamba hukandamizwa kwa ghafla, kisha mgandamizo unapoachia, hurushwa juu na nje. Kazi ya kuchimba hufanywa na wimbi hilo, na wimbi halijali jiwe lilitoka wapi. Shimo linalobaki huwa na upana wa mara 10 hadi 20 ya upana wa jiwe.

Pembe ya ujio huonekana kwanza kwenye vifusi vilivyorushwa nje. Tazama kreta ya Proclus: miali yake myeupe, yaani mistari ya vifusi inayotawanyika kutoka kwenye kreta, inakosekana kabisa upande mmoja. Kreta yenyewe hurefuka pale tu jiwe linapokuja likiparaza ardhi, chini ya nyuzi 15 hivi. Kreta ya Messier, iliyo ndani ya Mare Fecunditatis, mojawapo ya nyanda nyeusi za lava za Mwezi, ni mfano wa wazi.

Basi jiwe lenyewe limekwenda wapi?

Sehemu kubwa huyeyuka au kugeuka mvuke, na mabaki huchanganyika na vifusi. Wanaopima udongo ulioletwa na wanaanga wa safari za Apollo hukuta ndani yake kiasi kidogo cha nikeli na iridiamu, metali ambazo ni adimu katika miamba ya juu ya Mwezi. Kuchimba katikati ya kreta ukitarajia kukuta kimondo kizima ni kazi bure.

Kwa nini kreta nyingine zina mlima katikati na nyingine hazina?

Ukubwa ndio unaoamua. Kreta isiyozidi kilomita 15 hivi kwa upana hubaki na umbo la bakuli, na kina chake huwa karibu moja ya tano ya upana. Ikipita kilomita 20, kuta haziwezi tena kujibeba. Huporomoka kwa ndani na kuacha ngazi ngazi, wakati huohuo mwamba wa chini, uliokuwa umekandamizwa, hurudi juu kwa nguvu na kuganda ukiwa kilele. Yote haya huisha ndani ya dakika chache, jambo ambalo watu wengi hulikataa mwanzoni kwa kuwa wamezoea milima inayochukua mamilioni ya miaka. Tycho ina upana wa kilomita 85, kina cha karibu kilomita 4.8, na kilele chake kimeinuka karibu kilomita 2 juu ya sakafu. Mwamba wa kilele hicho umetoka chini sana, ndiyo maana wanajiolojia huvipenda vilele kuliko kuta: ni sampuli ya kina ambayo hakuna aliyelazimika kuichimba.

Kreta ikizidi kuwa kubwa, kilele hugeuka pete, kama ilivyo Schrödinger. Baadaye huja mabonde yenye pete kadhaa: Orientale ina upana wa kilomita 930 hivi.

Duniani, ambako uvutano ni mara sita ya ule wa Mwezi, mporomoko huo huanza kwenye kreta za kilomita 2 hadi 4 tu.

Mwezini hakuna mvua wala upepo. Mbona kreta nyingine zimefifia?

Adui mkubwa wa kreta ni kreta nyingine. Chembe ndogo za mawe hunyesha bila kukoma, na kila moja husogeza vumbi kidogo. Kwenye mteremko vumbi husogea zaidi kuelekea chini kuliko juu, hivyo ukingo hulainika na sakafu hujaa. Kreta ndogo hutangulia kutoweka. Katika nyanda za juu zilizo kongwe, hali imefikia kikomo: kreta mpya haiwezi kutokea bila kufuta za zamani.

Miali hufutika kwa njia nyingine. Upepo wa jua na vimondo vidogo huacha vijichembe vya chuma juu ya punje za vumbi, na vumbi hugeuka jeusi. Linganisha majirani wawili: Copernicus, yenye miaka milioni 800 hivi, bado ina miali, Eratosthenes, iliyo kongwe zaidi, imeshaipoteza yake.

Lava nayo ilifunika nyingi. Plato ina sakafu bapa na nyeusi kwa sababu ilijazwa na basalti, mwamba wa lava iliyoganda.

Umri wa kreta hujulikanaje?

Huhesabiwa kreta zilizo juu ya eneo fulani: zikiwa nyingi, ardhi ni kongwe. Hesabu hiyo ingetoa mpangilio tu bila miaka, kama kusingekuwa na sampuli zilizopimwa maabara. Kati ya miaka bilioni 1 na bilioni 3 palikuwa na pengo la sampuli hadi chombo cha China, Chang'e 5, kilipoleta, Desemba 2020, basalti yenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Kosa la kawaida ni kuhesabu kreta zilizochimbwa na vifusi vya kreta kubwa kana kwamba zilitokana na vimondo. Eneo huonekana kongwe kuliko lilivyo. Ukiona vikreta vimejipanga mstari au vimekusanyika kundi moja, viondoe kwenye hesabu.

Kreta mpya bado zinatokea?

Ndiyo. Tarehe 17 Machi 2013 mwako juu ya Mwezi ulionekana kutoka Duniani, na baadaye LRO, chombo cha NASA kinachozunguka Mwezi, kilipiga picha kreta mpya ya mita 18 mahali hapo.

Nina darubini ndogo, lakini mwezi mpevu ukiutazama hauna kreta. Nakosea wapi?

Katika kuchagua usiku. Mwezi ukiwa mpevu Jua huwa nyuma yako, vivuli hupotea, na kinachobaki ni miali. Tazama kando ya mpaka wa mchana na usiku: Theophilus siku ya 5 au ya 6, Tycho siku ya 8 au ya 9, Copernicus siku ya 9. Hesabu kuanzia Mwezi unapokuwa upande mmoja na Jua, si kuanzia hilali inapoonekana. Subiri pia Mwezi ufike angalau nyuzi 30 juu angani. Ukiwa chini, hewa hutikisa picha.

Kina hupimika kwa kivuli: zidisha urefu wa kivuli kwa tanjenti ya pembe ya Jua juu ya upeo wa macho mahali hapo. Jua likiwa nyuzi 10, ukingo wa kilomita 1 hutupa kivuli cha kilomita 5.7. Hakikisha ncha ya kivuli iko kwenye sakafu bapa. Ikiwa imeshapanda ukuta wa pili, jibu litakuwa dogo kuliko kina halisi.