Barua kwa mwanangu: Viganja viwili vya mjomba wako

Mtwara

Mwanangu,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeupata, na ile skrinishoti nimeisoma taratibu, mstari kwa mstari. Umemwandikia mjomba wako kwa adabu: kwamba baada ya Idd ya kuchinja tunataka kupeleka barua ya posa Lindi, kwamba unamwomba yeye ndiye awaongoze wazee, na kama ana neno alitoe mapema. Yeye akakujibu 🙏, viganja viwili tu, hakuna hata neno moja chini yake. Sasa unaniuliza: "Mama, hapa mjomba amekubali, amekataa, au ananiambia hana kitu?"

Hajakubali, na wala hajakataa. Amepokea. Ndivyo ninavyomsoma mimi, na mimi ni dada yake.

Fungua grupu la ukoo, upandishe juu, umfuate yeye peke yake. Tulipopewa taarifa ya msiba wa Kitangari, aliweka 🙏. Malipo ya korosho yalipoingia kwenye akaunti, watu wakaanza kupongezana, akaweka 🙏. Mhazini alipokumbusha mchango wa harusi ya binti wa mama yako mdogo, akaweka hiyo hiyo, na pesa yake ikaja baadaye sana, mnada wa korosho ulipopita. Ijumaa watu wakitumiana dua, yeye na viganja vyake. Kwenye msiba alikuwa anatoa pole. Kwenye korosho alikuwa anashukuru. Kwa mhazini alikuwa anaomba avumiliwe, na siku ya Ijumaa anaitikia amina. Picha ni moja, ila kila mara inalijibu lile lililoandikwa juu yake, kwa hiyo ukiitazama peke yake utakesha.

Na usidhani ni yeye tu anayeitumia hovyo. Hivi vipicha asili yake ni Japani. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa seti ya vipicha 176 vya kutumiana kwenye simu, na miaka ile kampuni nyingine za huko nazo zilikuwa na vyao. Viganja vilivyogusana vikaingia kwenye orodha ya Unicode, ile inayofanya simu zote duniani zielewane, mwaka 2010. Jina vilivyopewa humo halitaji sala, shukrani wala msamaha, linaeleza tu mtu aliyeunganisha viganja vyake. Wajapani wenyewe hugusanisha viganja kabla ya kula, wakiomba kusaidiwa, wakiomba radhi, na wakisimama mbele ya mahali pao pa ibada. Mhindi akikusalimu anafanya vivyo hivyo. Nenda Ndanda kanisani utawaona Wakristo wakisali hivyo. Sisi Waislamu tukiomba dua tunavifunua viganja kuelekea juu, 🤲, lakini alama hiyo ilikuja 2017, na nadhani ndiyo sababu wazee wetu wengi walishazoea ile iliyowatangulia. Wapo hata wanaosema ni watu wawili wanapeana tano! Kwa hiyo alama hii ilifika kwetu ikiwa tayari na maana nyingi, na mjomba wako hakuipotosha.

Kitu ambacho wewe, kwa kukulia Dar, labda hukukiona kwa karibu ni namna mjomba wako anavyolipokea jambo zito. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Neno la kuoa au kuolewa likipita bila yeye, huko mbele lina kasoro. Nimeketi naye barazani kule Newala watu wakija na shauri kama hili. Anasikiliza hadi mwisho, kofia ameishika magotini, anaizungusha polepole kwa vidole. Wakimaliza anasema, "Nimesikia." Anawaagizia uji, anauliza habari za nyumbani kwao, na shauri halirudiwi tena siku hiyo. Jibu linatoka kesho yake au keshokutwa, akishaongea na wadogo zake. Wanaomjua wanaondoka wameridhika, kwa sababu angekuwa anakataa angesema pale pale. Hiyo 🙏 aliyokutumia, baba, ni "nimesikia" yake.

Lakini nikwambie na lingine. Vijana wengi mnasema kimkono ni kimkono tu, hakimfungi mtu. Si kweli. Huko Kanada, jimbo la Saskatchewan, mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kununua tani 87 hivi za mbegu za kitani, akamwomba authibitishe. Mkulima akajibu 👍. Baadaye bei ikapanda, na mzigo haukufika. Mnunuzi akaenda mahakamani. Mkulima akajitetea kwamba dole lile lilikuwa na maana "nimeuona ujumbe", wala hakuwa ameukubali mkataba. Mwaka 2023 jaji akaamua kwamba dole lile ni sawa na sahihi, akamwamuru alipe zaidi ya dola za Kanada 82,000, na 2024 mahakama ya rufaa nayo ikabaki hapo hapo.

Nilipoisoma kesi ile, kilichonishika ni sababu alizotoa jaji. Wawili hao walikuwa wameshafanya biashara kabla ya hapo. Mnunuzi alikuwa anatuma mkataba kwa simu, mkulima anajibu kwa neno fupi tu la kukubali, na mzigo analeta. Jaji alitazama walivyozoeana, akaona dole limekaa pale pale lilipokuwa linakaa lile neno. Mimi nami ndivyo nilivyomsoma mjomba wako: nimetazama anavyoitumia siku zote, na anaitumia kwa nani.

Hili mweleze na mdogo wako anayelima na baba yenu. Watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kinyemela nje ya mnada, siku hizi wanatuma bei kwenye simu kabla korosho haijadondoka. Asiwajibu kwa 👍 wala 🤝. Kama hataki, aandike sitaki.

Na baba yako akikujibu 👍, usininunie mimi. Najua nyinyi mkipewa dole mnahesabu mtu amekasirika au hataki maongezi. Yeye anamaanisha sawa, nimeona, na anarudi kwenye kazi yake.

Turudi kwa mjomba. Mwanangu, jambo la posa halikai kwenye meseji. Umeandika vizuri, sikulaumu, uko mbali na ulitaka limfikie mapema, na limemfikia. Lililobaki ni kumpigia. Mpigie baada ya Isha, saa hiyo ametoka shamba na ameshakula. Mpe shikamoo yake, muulize hali ya mikorosho na habari za shangazi yako mke wake, umwache aongee. Kisha mwambie: "Mjomba, ujumbe wangu uliuona, nimekupigia nikusikie mwenyewe." Halafu nyamaza. Usimjazie maneno, na usimuulize ile 🙏 ilikuwa na maana gani, utamfanya aone kama unamhoji. Akisema anahitaji kukaa na wenzake, mwambie sawa mjomba, nasubiri, na kweli usubiri.

Habari ya pesa usiiguse kabisa. Miezi hii mikorosho inadai palizi na dawa ya salfa, na fedha za mnada uliopita zimeshaondoka kwa watu wengi. Inawezekana lililomfanya asiandike zaidi ni nauli na kanzu ya kwendea ugenini, na mtu mzima hawezi kumwandikia hayo mpwa wake. Hilo niachie mimi. Nitaongea na mkewe, wanawake tunajua pa kuanzia.

Kwa upande wa Lindi, nakuomba uwe mwangalifu kuliko ulivyo kwa sisi wa nyumbani. Mama yake binti hajakuzoea, hana kumbukumbu yoyote ya kukusomea. Akikutumia salamu au akikuuliza jambo, mwandikie maneno kamili: "Shikamoo mama, nimepata, nashukuru." Ukitaka kuweka viganja, viweke mwishoni baada ya maneno. Mkishazoeana mtatumiana mnavyotaka.

Mpigie mjomba kesho, kwa sababu wenzetu wa Lindi wanataka wajue tarehe kabla mwezi haujaisha, na mshenga naye ananiuliza. Ukimaliza kuongea naye unipigie hata kama ni usiku, ili asubuhi niwahi kumpata shangazi yako kabla hajaenda shamba.

Mama yako