Mjomba, mtawala unayemtaka alishapita huku

Mwangaluka, mjomba. Umenibana kwenye grupu la ukoo mbele ya wote: eti Ulaya iliinuliwa na wafalme wakali wenye akili, na sisi tungempata mmoja wa aina hiyo, Mwanza ingekuwa mbali. Mimi naishi Vienna, Austria, kwa hiyo nakujibu kwa habari za hapahapa.

Alikuwepo, aliitwa Joseph wa Pili, mtawala wa Austria na nchi zilizokuwa chini yake. Mama yake alipofariki 1780 akabaki na madaraka yote mkononi. Mwaka uliofuata tu akawaruhusu Waprotestanti kujenga nyumba za ibada (zisiwe na mnara wala mlango wa barabarani, lakini wasali), na akawafungua wakulima wa Bohemia (leo ni sehemu ya Czech): sasa waoe, wahame, wajifunze ufundi bila kumpigia bwana magoti. 1784 akafungua hospitali kuu. Majengo yake bado yapo, chuo kikuu kinayatumia. Hayo simnyimi, maana makabaila wangeachiwa wapige kura, yasingepita.

Sasa sikia. Mwaka huohuo wa hospitali aliamuru maiti zishonewe kwenye mifuko ya kitani, na jeneza liwe la kutumia tena. Chini lina mlango; unafunguliwa, marehemu anaporomoka kaburini, jeneza linarudi kumngoja mwingine. Mbao zisipotee! Kwa hesabu yuko sawa kabisa. Hebu litangaze hilo msibani Igogo, wazee wamekaa. Watu wakaja juu, mwaka uliofuata akaifuta. Wahungaria nao, waliokuwa chini yake, aliwalazimisha ofisi zao zitumie Kijerumani. Januari 1790, yuko hoi kitandani, akafuta karibu amri zake zote za huko. Mwezi wa pili akafa. Mdogo wake aliyemrithi akaitupa na sheria ya kuwapunguzia wakulima kazi za lazima kwa bwana. Kazi hizo zilikuja kuisha 1848, mjomba. Wajukuu!

Mimi kilichonisaidia huku ni kingine. Mwajiri wangu wa kwanza alinipunja saa za ziada za usiku. Nikaenda kwenye baraza la wafanyakazi (Arbeiterkammer, linatetea haki zetu kazini), lilianzishwa kwa sheria 1920 na wengi wetu tunakatwa mchango wa kuliendesha. Dada wa mapokezi hakunichekea hata kidogo, nadhani hata sura yangu haikumpendeza. Akachukua karatasi zangu za mshahara, barua ikaandikwa, nikalipwa.