Mistari kwa flati za paneli ya LED
Umeuliza kwa nini flati zako (zile picha za uso wenye mwanga sawasawa, za kuondoa vivuli vya vumbi kwa picha za nyota) zinatoka na mistari ukitumia paneli ya LED. Hiyo mistari inatoka kwa paneli, kamera yako iko sawa. LED nyingi ukizipunguza mwanga huwa zinawaka na kuzimika haraka sana, macho hayaoni lakini ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde sensa ya kamera inashika huko kuwaka na kuzimika kama mistari. Wacha paneli kwa mwanga wa juu kabisa alafu weka karatasi nyeupe za printa kati yake na lenzi, ongeza moja moja mpaka ekspoja (muda wa kupiga picha moja) ifike kama sekunde 1 ama 2 na histogramu (ile grafu ya mwanga kwa kamera) ikae karibu katikati, mi hufanya hivyo na flati zinatoka safi. ISO iwe ile ya picha za nyota. Na tafadhali usiguse fokasi wala kuzungusha kamera kati ya picha za nyota na flati, kivuli cha vumbi kikihama hizo flati hazitakusaidia.