Fundi Anajibu: Shingo ya Gita

Maswali ya safari hii yametoka kwa mafundi na wanafunzi wa Lamu na Malindi wanaounda gita la klasiki, lile la nyuzi za nailoni. Vipimo vyote ni vya gita lenye milimita 650 kutoka mfupa wa shingoni hadi mfupa wa daraja, vile vijiti viwili vinavyobeba nyuzi huku na huku.

Asalaam aleikum. Nina vipande vizuri vya mbambakofi vilivyobaki kwenye kazi ya milango. Vinafaa kwa shingo? Seremala, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, fundi. Kwa mlango hiyo ni mbao ya heshima, kwa shingo iache. Mbambakofi ina kilo 800 hivi kwa mita moja ya ujazo, na sedrela, mbao nyepesi wanayotumia mafundi wa Uhispania, kwa kawaida haifiki 500. Gita zima lina kama kilo moja na nusu tu, hivyo shingo nzito huvuta kichwa chini na mpigaji anashinda akikiinua kwa mkono wa kushoto. Tafuta mkangazi. Ni mzito kuliko sedrela kidogo, lakini hupigika randa vizuri na haupindipindi ukishakauka.

Halafu jina la mti lisikudanganye, angalia mishipa. Ubavuni, mistari iende sambamba na urefu wa kipande mwanzo hadi mwisho. Ikitokea nje njiani, shingo itavunjikia hapo, na mara nyingi ni pale kichwa kinapoanzia. Kwenye ncha, mistari ya umri wa mti isimame wima au karibu na wima. Fundo, hata dogo kama punje ya mtama, hapana.

Ukavu nao. Hewa ya pwani yetu huwa na unyevu wa asilimia 75 na zaidi, na mbao iliyokaa kivulini katika hewa hiyo hutulia ikiwa na maji asilimia 14 hivi. Ya dukani huwa na zaidi. Pasua kipande cha 75 kwa 25 mm, kipime kwa mizani ya jikoni, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli, ukiweke ndani mahali pa joto penye hewa. Kipime kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, kimekuwa tayari. Kaskazi inasaidia, wakati wa masika usijisumbue.

Kichwa nilikiunga kwa mkato wa mshazari, kikafunguka nilipokaza nyuzi. Gundi ilikuwa mpya. Mwanafunzi wa useremala, Barani, Malindi

Mwanangu, gundi huonewa sana. Kosa karibu kila mara liko kwenye randa.

Kichwa huinama nyuma kwa digrii 15. Kwenye kipande cha unene wa 22 mm, mkato wa pembe hiyo hutembea 82 mm. Ukishakata kwa msumeno wa meno madogo, laza kipande kifupi juu ya kirefu ili mikato miwili ifuatane kama mteremko mmoja, vibane, kisha vipige randa kwa pamoja. Randa inapofika mwisho huinama, na ukingo unatoka na mviringo usioonekana kwa macho. Vikiunganishwa, katikati vinagusana na kingo ziko wazi kwa unene wa karatasi. Klampu inauziba uwazi huo, wewe unaona kazi imetimia, kumbe mbao imebaki ikijivuta ndani kwa ndani hadi siku ya nyuzi. Nyuzi sita za nailoni huvuta karibu kilo 40.

Kwa hiyo jaribu kwanza bila gundi. Shikanisha vipande kwa mkono mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya popote, rudi kwenye randa. Msasa usiuguse hapa, unaongeza mviringo.

Kuna mawili mengine. Mkato wa mshazari hufungua vinyweleo vya mbao, navyo hunywa gundi: paka safu nyembamba, subiri dakika 5, paka tena. Pia mteremko huteleza ukikazwa, basi pigilia vijimsumari viwili kwenye sehemu utakayoikata baadaye. Kaza hadi gundi itokeze vitone vidogo pande zote, basi. Ukizidisha unaifukuza yote. Acha saa 24. Na gita lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, maana gundi nyeupe hulegea kwa joto.

Nilifuata maelezo ya kuirudisha shingo nyuma kidogo. Sasa mfupa wa daraja lazima usimame 14 mm juu ya uso wa gita, na daraja linaanza kuinuka. Fundi, Shela, Lamu

Maelezo hayo ni ya gita la nyuzi za chuma, ndugu. Shingo ya klasiki huinama mbele: upande wa kichwa hupanda 1.5 hadi 2 mm juu ya usawa wa uso.

Hesabu yake ni hii. Freti ya 12 (freti ni vijichuma vinavyokatiza ubao wa vidole) iko katikati kabisa, 325 mm kila upande. Ubao wa vidole 6.5 mm, freti 1 mm, nafasi ya uzi 3.5 mm: uzi uko 11 mm juu ya usawa wa uso. Kwenye mfupa wa shingoni ungekuwa 8.2 mm, wewe umeushusha 2, imebaki 6.2. Zidisha 11 mara mbili, toa 6.2, unapata 15.8. Toa 2 za mbinuko wa uso pale daraja lilipo, ndiyo hiyo 14 yako. Ungeinamisha mbele 2 mm ungepata chini kidogo ya 10, na daraja lingepumua.

Usibandue shingo. Ng'oa freti, punguza ubao wa vidole hadi 4.5 mm kwenye freti ya 12 bila kugusa upande wa kichwa, chimba upya mifereji ya freti. Mfupa utashuka 4 mm.

Ubao wa vidole wa mpingo umekataa kushika gundi. Maweni, Malindi

Mpingo una mafuta. Ukwangue, ufute kwa asetoni, ubandike papo hapo kwa gundi ya epoksi. Gundi ya maji huivimbisha shingo upande mmoja na kuipinda.

Gita langu lilikwenda Nairobi, sasa ncha za freti zinakwaruza vidole. Mpigaji, Malindi

Freti hazijasogea. Ubao umekauka na kupungua upana. Robo ya milimita kila upande inatosha kuleta mikwaruzo. Ziguse ncha kwa tupa laini, ukielekeza mkono chini kutoka kwenye freti kwenda ubaoni, ukiwa umebandika utepe wa karatasi kulinda rangi. Fanya hivyo hukohuko Nairobi. Ukingoja lirudi pwani, ubao utavimba na hutaona cha kukata.