Sitisha oda ya kalenda hizo: ahadi si kura

Ndugu mleta uzi, sitisha oda hiyo leo. Umeandika kwamba umekwisha kulipa amana ya kalenda za ukutani za mwaka 2027 zenye picha ya Katibu Mkuu mpya wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu mtu uliyemwita "wa ndani" amekuhakikishia kuwa mgombea wake ana ahadi za nchi zaidi ya 100 kati ya 193. Kisha, kana kwamba hilo limekwisha, unauliza muda wa uongozi, mshahara, na kama mtu wa kawaida anaweza kuomba nafasi hiyo. Muda ni miaka 5. Mengine yasubiri, kwa maana hesabu kama hiyo ya ahadi ndiyo iliyonifungia karakana.

Nilikuwa nikichapa fulana na kofia jijini Nairobi wakati hayati Raila Odinga alipogombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa karibu na kampeni, mwenye suti nzuri na simu tatu, alinionyesha orodha ya nchi zilizowekewa alama ya tiki, akaniambia kuwa ushindi umebaki kutangazwa tu na kwamba mwenye mzigo tayari ndiye atakayeuza. Nami nilikuwa nimeona kwenye televisheni uzinduzi wa Agosti 2024 Ikulu ya Nairobi, ambako Rais Museveni na Rais Samia walihudhuria, nikaona kuwa hoja imefungwa. Nikakopa, nikachapa "Hongera Mwenyekiti wa Afrika" juu ya kila kitambaa nilichoweza kukipata kwa bei ya jumla.

Swali ambalo sikumuuliza bwana yule ni hili: je, zinahitajika kura ngapi, na nani anaweza kuzizuia? Angenijibu kwa ukweli, ningejua kwamba kura ni ya siri, kwamba mshindi lazima apate theluthi mbili, na kwamba nchi 6 zilizokuwa zimesimamishwa uanachama hazikupiga kura, hivyo wapigaji wakabaki 49 na kizingiti kikawa 33. Ningejua pia kwamba baadhi ya tiki zake zilikuwa na wenyewe wawili. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na vilevile wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, na siku chache kabla ya uchaguzi SADC iliwataka wanachama wake wamuunge mkono Richard Randriamandrato wa Madagascar. Nani alimpigia nani hatujui, na ndiyo maana ya kura ya siri. Lakini orodha inayohesabu nchi kama hizo kuwa mali ya mgombea mmoja ni karatasi ya kufungia maandazi.

Tarehe 15 Februari 2025, mjini Addis Ababa, duru ya kwanza ilimpa Raila kura 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18, na Randriamandrato 10. Nikashangilia! Simu ya yule bwana ilikuwa bado inapatikana. Katika duru ya tatu Youssouf akatangulia, Randriamandrato akatoka, na wengi wa waliokuwa wake hawakuja kwetu. Baada ya duru ya sita Raila naye akatoka, Youssouf akabaki peke yake na kupata 33 zile zile zilizohitajika katika duru ya saba. Hapo zile simu tatu zikazimwa kwa pamoja, na hadi leo sijawahi kuona umoja wa Afrika uliokamilika kama ule. Fulana zangu ziliishia kwa mafundi wa magari, ambao wanazifutia oili, kwa hiyo cheo cha uenyekiti kipo, ila kiko chini ya matatu.

Sasa wewe unataka kurudia jambo hilo mahali ambapo kizuizi ni kikali zaidi. Nchi 193 za Baraza Kuu hupewa jina moja lililopendekezwa na Baraza la Usalama, na kwa kawaida hulipitisha bila mabishano. Katika Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, jina linahitaji kura 9 na lisipingwe na hata mmoja wa wale watano wenye kura ya turufu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Ahadi zako 100 hazimo humo.

Muulize huyo mtu wako kuhusu Salim Ahmed Salim wa Tanzania, aliyegombea ukatibu mkuu huo. Mwaka 1981 aliungwa mkono na Afrika na nchi nyingi zinazoendelea, lakini Marekani ilimzuia huku China ikimzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, duru baada ya duru hadi 16, na mwishowe kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwaka 1996 Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali aliungwa mkono na wajumbe 14 kati ya 15 na bado akakosa muhula wa pili, kwa kuwa yule mmoja alikuwa Marekani. Kwa hiyo usihesabu wanaomtaka mgombea wako. Mtafutie kwanza anayeweza kumzuia, na kama mtu wako hawezi kukujibu kwa jina la nchi, huyo hayuko ndani ya kitu chochote.

Usiseme utasubiri matokeo ndipo uchapishe, kwani tarehe nazo hazitabiriki: António Guterres aliidhinishwa kuwa Katibu Mkuu tarehe 13 Oktoba 2016, lakini mwaka 1981 na 1996 jina lilipatikana Desemba, wakati kalenda zinapaswa kuwa dukani. Mahali pa picha hiyo weka Mlima Kilimanjaro, kisha mpigie mchapaji kabla hajaanza kazi, maana akishaanza amana hairudi.