Ushauri kwa vijana bila daktari: ushahidi upo
Dada, umeuliza kama upo ushahidi kwamba vijana wetu wa Kisauni na Likoni, huku Mombasa, wanaweza kusaidiwa na mtu asiye daktari wa akili. Upo. Utafiti wa Shamiri, mpango wa ushauri kwa vijana, uliochapishwa mwaka 2021, uliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi 413 wa sekondari hapa Kenya wenye dalili za sonona au wasiwasi, na waliopitia vikao vinne vilivyoongozwa na vijana wenzao, kuhusu shukrani, mambo wanayoyathamini na uwezo wa mtu kubadilika, walipata nafuu zaidi kuliko waliofunzwa mbinu za kusoma. Hata hivyo, hao walikuwa shuleni. Kijana aliyeacha masomo na kuingia katika dawa za kulevya, ambaye ndiye anayeniumiza moyo, anahitaji utafiti wake, na akitaja kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.