Re: Albamu ipi ya kuanzia, muziki wa asili wa Ireland?
Mkuu, umeuliza uanzie albamu ipi, na kama muziki huo ni ala tupu bila kuimba. Chukua ile ya kwanza ya Planxty, bendi ya Ireland, ya mwaka 1973. Kuimba kupo, ala zipo. Wimbo wa kwanza tu unatosha kukuonyesha: Christy Moore anamaliza kuimba, na bila kupumua bendi inaingia "Tabhair Dom Do Lámh", kipande cha zamani cha wapiga kinubi. Hapo zumari la mfuko (uilleann pipes) la Liam O'Flynn linashika usukani. Zumari hilo halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji huketi, akajaza hewa kwenye mfuko kwa mvukuto anaoubana kwa kiwiko. Sauti yake ni laini kuliko lile la Uskoti la kwenye magwaride (ambalo mimi, kusema kweli, silivumilii). Chini yake sikiliza bouzouki ya Dónal Lunny, ala ya nyuzi yenye asili ya Ugiriki, ikijibizana na mandolini ya Andy Irvine. Tumia hedifoni, spika ya simu itakunyima utamu wote. Ukitaka mwendo wa kasi zaidi na kuimba kidogo, nenda kwa bendi nyingine, The Bothy Band, albamu ya 1975. Lunny yumo pia.